Maji Meupe Kuliko ya Wote

4 Machi

Kwa mjukuu wangu, Daktari wa Maji Chumvi,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Magoti ndiyo yamegoma, lakini magoti hayajawahi kunipikia wala kunifulia, kwa hiyo tusiyape ukubwa.

Boksi lako la barafu lilifika na basi la asubuhi, chupa zote zimo, na karatasi ya maagizo imo. Nimeisoma mpaka macho yakaomba likizo. Vaa glavu. Usiguse mdomo wa chupa. Suuza chupa kwa maji ya palepale, mwaga, suuza tena. Simama maji yanakotokea, usisimame yanakoelekea. Usivute sigara. Usijipake mafuta. Mwenzangu, hata bibi yako siku ya kumwoa hakunipa masharti kama haya, na yeye alikuwa mtu wa masharti.

Nimeyafuata yote. Usicheke. Nilipika shule ya bweni tangu nina nywele hadi sina, najua maana ya agizo. Nilisimama kwenye ngazi za gati na glavu zangu kama daktari wa meno, watu wakapita wakiuliza, "Mzee Upawa, unamzalisha nani?" Nikawaambia namzalisha samaki, wakae kimya asije akashtuka.

Shangazi yako hacheki. Vikapu vyake vya chaza vinaning'inia chini ya gati, wewe unavijua, uliwahi kujikata kidole hapo. Kila akivuta kikapu, chaza wachanga wamefumbua midomo, wamekufa. Ng'ambo, hatua chache tu, Bwana Makopo anapandisha boti nchi kavu, anazikwangua, anazipulizia ile rangi mpya nyekundu ya kuzuia magamba ya bahari yasiote kwenye boti. Mvua ikinyesha, wekundu wote unateremka baharini. Sasa anataka kibali cha kujenga njia ya pili ya kupandishia boti, na njia hiyo itapita pale pale vilipo vikapu. Kikao ni mwezi ujao. Maji yakionekana machafu, hapati. Yakionekana safi, mwanangu anafungasha vikapu. Ndiyo habari yote, na wewe unaijua, lakini mzee akiandika lazima ajaze karatasi.

Ungetaka nikupigie simu, ila mimi nikipiga simu mtaa mzima unapata habari. Masikio ndiyo hayo.

Kuna jambo dogo nimeongeza la kwangu, la jikoni. Usiniulize. Ukiyaona maji utajua babu yako si mtu wa kutuma vitu ovyo.

Babu yako,
Mzee Upawa

11 Machi

Shikamoo Babu,

Chupa zimefika zikiwa bado baridi. Asante sana. Nakwambia kweli, sijutii kukupa kazi hii. Watu wengine wanaonichotea, wote wana vyeti, wananiletea maji yenye mchanga, majani, mmoja aliniletea kaa. Maji yako yamekuja meupe kuliko ya wote. Mkuu wa maabara aliinua chupa kwenye taa akasema, "Huyu mchotaji wako apewe cheti." Jambo lako la jikoni, liwe lolote, liendeleze.

Uliwahi kuniuliza natafuta nini hasa. Rangi ile ina shaba iliyosagwa laini mno. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako, kama upo, uupasue mara elfu. Unene wa kipande kimoja ndio ukubwa wa chembe ninayoitafuta. Huwezi kuiona. Darubini ya kawaida haiioni. Mashine yetu inapuliza maji kama ukungu ndani ya moto mkali sana, na kila chembe ya shaba ikiungua inatoa mshtuko mmoja mdogo kwenye kompyuta. Tunahesabu mishtuko. Chaza hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo kila chembe inayopita inabaki tumboni mwake.

Nahitaji maboksi mengine mawili, maji yakiwa yamekupwa. Fanya vilevile ulivyofanya, usibadilishe kitu.

Msalimie shangazi. Mwambie chembe zikiwemo, nitaziona.

Mjukuu wako

20 Machi

Kwa Mchoma Maji,

Kwa hiyo miaka yote ile ya ada na madaftari ilikuwa uje kuchoma maji. Nami nilichoma maji kila asubuhi, sikupata koti jeupe. Sawa.

Boksi la pili hili hapa, la tatu linafuata. Nimefanya vilevile. Kuhusu cheti, nataka chenye fremu.

Juzi Bwana Makopo alikuja gatini na viatu vyake vinavyong'aa. Shangazi yako alikuwa amepasua chaza mkubwa, mmoja wa wale wachache waliobaki, na nyama yake ndani ilikuwa ya kijani. Kijani kama sare za shule.

"Mama Chaza, hujambo?"

"Sijambo. Na chaza hawajambo, waliobaki."

"Ni joto, mama. Bahari siku hizi imekuwa ya moto."

"Joto gani hilo linalopaka nyama rangi ya shaba iliyoota kutu?"

Akacheka, akanigeukia mimi. "Mzee Upawa, ulinipikia mimi, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulikuwa ukishakula unarudi tena kwenye foleni. Naona hujaacha."

Hakukasirika, na hapo ndipo nilipomwogopa. Alitazama chupa zako, akasema, "Chota, mzee wangu. Chota mpaka uchoke. Mimi sina la kuficha."

Shangazi yako amesema nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie sitaki anionee huruma. Aseme kilichomo."

Babu yako,
mchotaji anayesubiri fremu

8 Aprili

Shikamoo Babu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Bora niseme moja kwa moja.

Hakuna. Maboksi yote matatu. Mashine haikuona chembe za shaba, au zipo chache kiasi kwamba haiwezi kuziona, na kwenye ripoti hayo mawili huandikwa kwa maneno yaleyale. Nilirudia. Nilibadilisha mirija nikarudia tena. Maji ya gati letu yametoka safi kuliko ya ufukwe wa watalii tuliouweka kama mfano wa maji safi.

Ripoti imekwenda ofisi ya mazingira kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyo. Nisingeweza kuizuia, na kama ningeweza, nisingekuwa na haki.

Labda ni ugonjwa wa chaza. Labda ni joto kweli. Mwambie shangazi nasikitika. Alisema niseme kilichomo.

Mjukuu wako

17 Aprili

Kwa Bibi Ripoti,

Kikao kimekwisha. Nakuhadithia, maana wewe hukuwepo, ulikuwa na mashine yako.

Bwana Makopo alisimama na karatasi yako mkononi. Aliisoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia wa tajiri. Halafu akaikunja akasema, "Mwenyekiti, maji haya sikuyachota mimi. Hakuyachota mtu wangu. Ameyachota baba mzazi wa huyu mama. Ameyapima mjukuu wa mzee huyohuyo. Kama kuna ushahidi mwingine, mimi siujui."

Mwenyekiti akaniita. "Mzee, ni wewe uliyechota?"

"Ni mimi."

"Ulifuata maagizo ya maabara?"

"Yote, na zaidi."

Nilijibu kwa kifua. Nilikuwa nimevaa lile koti la harusi ya baba yako. Nikaketi, nikamtazama shangazi yako, naye akatazama mikono yake.

Bwana Makopo amepata kibali. Vikapu viondoke kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Tulipotoka alimfungulia shangazi yako mlango, akasema mtu wa mikono kama yake hawezi kukosa kazi kwake. Shangazi yako akapita kama mlango umefunguliwa na upepo.

Sasa nikuulize, wewe mwenye koti jeupe. Nyama ya kijani niliiona kwa macho yangu haya yanayovuja machozi. Wewe na moto wako mkali hamkuona kitu. Ama mashine yenu kipofu, ama kuna mtu amewaambia muifumbe macho. Wakubwa hukaa meza moja, hilo nalijua, nilikuwa nikiwapakulia. Au umeshazoea kiyoyozi, harufu ya gati haikufikii tena.

Sitaki cheti.

Mzee

2 Mei

Shikamoo Babu,

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaisoma tena. Sikuhongwa. Ningependa ujue hilo hata kama huniamini.

Lakini iliniuma kiasi kwamba nilirudi kwenye chupa. Tulikuwa tumebakiza maji kidogo ya kila boksi, yako kwenye friji. Safari hii sikuiuliza mashine habari za shaba peke yake, niliiambia inionyeshe kila metali iliyomo. Shaba hakuna, kama mwanzo. Ila alumini imejaa kuliko maji yoyote ya bahari niliyowahi kupima. Bwana Makopo hatumii alumini. Hakuna mtu huko anayetumia alumini kwa wingi huo.

Babu, ulisema umeongeza jambo lako la jikoni. Nami kwa ujinga wangu nikakwambia uliendeleze bila kuuliza. Lilikuwa jambo gani?

Nijibu upesi, tafadhali. Na usinifanyie utani.

Mjukuu wako

9 Mei

Kwa mjukuu aliyenuna,

Hatimaye umeuliza. Nilidhani nitakufa nalo.

Kwanza nisamehe kwa yale ya kiyoyozi. Mzee akikosa wa kumpiga, anapiga wake.

Sasa sikiliza. Maji niliyachota kama ulivyotaka, glavu na kila kitu, nikayapeleka nyumbani. Nikainua chupa dirishani. Aibu. Mchanga, utelezi, mavumbi mekundu yanaelea kama masizi kwenye uji. Nikasema, haya yanakwenda kwa wasomi, mezani kwa mtoto wetu, watasema huko kwao watu wanaishi kwenye dimbwi. Basi nikayamimina kwenye mtungi, nikachukua lile jiwe jeupe la kinyozi, lile linalowasha ukipakwa baada ya wembe, nikalizungusha ndani ya maji taratibu, nikafunika. Asubuhi uchafu wote umelala chini, juu maji kama kioo. Nikavaa glavu mpya, nikasuuza chupa kama ulivyosema, nikamimina maji ya juu tu, mkono hautetemeki. Ndivyo nilivyowanywesha watoto wa watu shuleni miaka yote ile ya bomba bovu, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Shangazi yako alinikuta siku ya kwanza. "Baba, maji ya bahari unayatuliza ya nini, unataka kuyanywa?"

"Yanakwenda maabara, mwanangu, hayaendi machinjioni."

Akacheka. Ndiyo mara ya mwisho ninayomkumbuka akicheka.

Chini palibaki tope jekundu, laini kama poda ya mtoto. Nililimwaga kwenye ngazi za gati na mtungi nikausugua kwa majivu. Sasa hiyo alumini yako sijui, mimi sina sufuria hata moja ya alumini, zote ni za chuma. Ukishajua ilikotoka, mkumbushe mkuu wako. Cheti nakitaka tena.

Babu yako,
Mzee Upawa

16 Mei

Babu,

Tope hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Jiwe la kinyozi ni shabu, na ndani ya shabu mna alumini. Ukilizungusha ndani ya maji, linaokota kila kilicho kidogo, linakifunga pamoja, kinakuwa kizito, kinazama. Linaokota mchanga, linaokota mavumbi, na linaokota chembe za shaba kuliko hata mchanga. Uliniletea maji baada ya kuniondolea swali langu lote. Hakuna maabara ingeyasafisha vizuri zaidi.

Usijilaumu peke yako. Maagizo niliandika mimi. Niliandika usiguse, usivute, usijipake. Sikuandika usiyasafishe, kwa sababu haikunipitia kichwani kwamba mtu angenitumia maji kwa heshima. Na chupa ilipofika, ikapendeza, nilikusifu. Nilitakiwa kushtuka siku ile. Maji ya chini ya gati hayawi meupe. Nimekulia hapo, nilijua.

Nimekwenda kwa mkuu wa maabara kutaka ripoti ibatilishwe. Amefunga mlango akaniambia, "Ukiandika kwamba maji yalitiwa dawa, nani aliyatia? Babu yako. Nyumbani kwa nani? Kwa mlalamikaji. Watasema familia ilichezea sampuli, na shangazi yako ataacha kuwa aliyeshindwa, awe mhalifu." Amesema nifikirie.

Nafikiria. Wewe ungefanyaje?

Mjukuu wako

23 Mei

Mjukuu wangu,

Andika.

Andika kwamba mzee alikuwa mjinga. Wakiuliza mjinga yupi, waambie yule aliyejibu kwa kifua mbele ya mwenyekiti, aliyevaa koti.

Nimemwambia shangazi yako. Alikuwa anapakua. Nilimweleza jiwe, nikamweleza tope, nikamweleza ngazi nilikolimwaga, juu ya vikapu vyake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho na upawa mkononi. Halafu akasema, "Baba, kula, kinapoa."

Nilikula. Sijui nilikula nini.

Baadaye akateremka gatini. Alivuta vikapu kimoja kimoja, akavikwangua, akavipanga ukutani kama viti baada ya msiba. Nilitaka kumsaidia akaniambia nikae, magoti.

Babu yako

20 Juni

Shikamoo Babu,

Niliandika. Ofisi ya mazingira wamejibu.

Wanasema ripoti ya kwanza ilikubaliwa na pande zote kikaoni. Wanasema familia ilipoona imeshindwa ilibuni hadithi ya jiwe la kinyozi. Kwa kuwa nina undugu na wahusika, nimeondolewa kwenye upimaji. Sasa niko chumba cha nyuma, naosha chupa kwa asidi, nazianika, nazifunga kwenye mifuko. Kazi yangu ni kuondoa uchafu, Babu, kama ya kwako. Inanitosha kucheka kidogo.

Shangazi hajibu barua zangu. Sikulaumu wala simlaumu.

Mashine bado naweza kuigusa inapokuwa haina mtu. Ila sina cha kuipa. Maji ya mkono wako hawayapokei tena, na mtu mwingine wa kuchota hapo sina.

Mjukuu wako

14 Julai

Kwa mwosha chupa mwenzangu,

Magoti yaleyale. Jiwe la kinyozi nimemrudishia kinyozi. Aliniuliza vipi, nikamwambia limekuwa hodari mno.

Shangazi yako hajibu kwa sababu anarudi amechoka. Anafanya kazi kwa Bwana Makopo. Usishtuke, vikapu havipo, na nyumba inataka kula. Anakaa chini ya boti na chuma, anakwangua rangi ya zamani ili wapulize mpya. Amepewa glavu. Nikamwuliza, na maagizo? Akasema, "Maagizo ni nisichelewe."

Bwana Makopo hunipungia mkono akipita. Wiki iliyopita alisimama akasema, "Mzee, binti yako ni fundi. Anakwangua mpaka ubao unalia." Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Jioni anarudi amekuwa mwekundu. Nyusi nyekundu, ndani ya masikio nyekundu, akikohoa kwenye kiganja, kiganja nacho. Siku zote hunawa nje, kwenye beseni, kabla hajaingia. Jana nilimsubiri mlangoni nikamwambia asinawe. Akasema, "Baba, una nini tena?" Nikamwambia akae.

Nilivaa glavu, zile zako, ilibaki jozi moja. Nilichukua kitambaa kipya cheupe kutoka kwenye pakiti, sikukivutia sigara, sikujipaka mafuta. Nikampangusa uso polepole, paji, nyusi, pembe za pua, kama nilivyokuwa nikimpangusa alipokuwa mdogo na kamasi zake. Alifumba macho. Halafu akasema, "Mwandikie yule mtoto nampenda. Mimi sina nguvu ya kuandika." Ndiyo hivyo nimekuandikia.

Nikampa na cha pili, akakohoa humo.

Vitambaa vyote viwili vimo kwenye mfuko ndani ya boksi, juu ya barafu. Sikuvitazama dirishani. Sikuvikung'uta. Vinatia aibu, mjukuu wangu, vichafu kupita kiasi.

Sikuviosha.

Babu yako